Ametoka Kidogo

Katika mji ule mdogo, neno "hayupo" halikuwa la kuchezea. Ukipiga hodi ukajibiwa "Baba hayupo," ulivua kofia, ukatafuta pa kukaa, ukaanza kutoa pole. Hayupo alikuwa marehemu. Lakini aliyekwenda dukani, aliyekwenda shambani, na hata aliyekwenda mji mkubwa kutafuta kazi akapotelea huko miaka na miaka, wote hao walikuwepo. "Yupo, ametoka kidogo." Ndivyo walivyosema wazazi, wala hawakuona ajabu. Vijana walipoanza kuondoka mmoja mmoja, halafu kwa makundi, kina mama waliona kwamba wakisema hayupo kwenye kila mlango, mji mzima utaonekana umefiwa.

Kwa hiyo Dada wa Takwimu alipokuja na mwavuli wake na simu kubwa ya kuandikia, ametumwa na kampuni ya mafuta ya alizeti ahesabu nguvu kazi, alijibiwa kwa lugha ya pale. Yeye alitoka mbali. Kwao, mtu aliyetoka kidogo amefuata sukari.

Alimkuta Boila uani, anatia mpini jembe.

"Hodi hapa."

"Karibu. Kama unauza neti, tunazo. Kama unahubiri, tulishaokoka."

"Nahesabu watu, mzee."

"Basi kwa mtaa huu utamaliza mapema. Kaa."

Boila lilikuwa jina la kazi. Kiwanda cha kusindika nyanya kilipokuwa hai, yeye ndiye aliyelisha na kutunza boila, na mvuke wake ulipika nyanya za wilaya nzima. Kiwanda kilikufa, boila likang'olewa na watu wa vyuma chakavu, jina likabaki kwake. Alikuwa mtu wa kusema lililo mdomoni. Mkewe alikuwa na desturi ya kutembea hatua moja nyuma yake misibani, ili amfinye kabla hajamaliza sentensi.

"Una vijana hapa nyumbani?" Dada aliuliza.

"Mmoja wa kiume. Dada zake wameolewa."

"Yupo?"

"Yupo! Mbona unauliza hivyo, mama? Yupo, mzima wa afya. Ametoka kidogo tu."

"Kazi za nguvu anaweza?"

"Yule? Anabeba gunia kama wewe unavyobeba huo mwavuli."

Dada alicheka, akabonyeza simu yake, akashukuru, akavuka barabara kwa Fundi Cherehani. Huyu alikuwa mjane mwenye ulimi mkali na mabinti wawili waliokuwa wakisuka nywele za watu mji mkubwa tangu yule mdogo amalize shule. Naye alijibu bila kuinua macho kwenye sindano: wapo, wametoka. Nyumba ya tatu wapo. Nyumba ya nne yupo. Mpaka jua linapinda, Dada wa Takwimu alikuwa amehesabu mji uliojaa vijana, ingawa njia nzima hakupishana na kijana hata mmoja isipokuwa wa bodaboda aliyemleta. Labda alidhani wote wako shambani. Alikuwa mchapakazi, na wachapakazi huamini wanachoambiwa.

Majibu hayakuchelewa. Diwani alipita na kipaza sauti kuwaita watu kwenye jukwaa la kiwanda cha zamani, lile la zege ambalo malori yalikuwa yakilirudia kinyumenyume kupakia makopo. Lilikuwa limebaki peke yake kwenye uwanja wa magugu, na watu walilipenda kwa sababu moja: mtandao wa simu, ambao majumbani ulikuwa unakuja na kuondoka kama homa, pale juu ulitulia. Ukitaka kuzungumza na mtoto wako, ulipanda jukwaani.

"Ndugu zangu, tumeshinda!" Diwani alisema. Alikuwa mnene, na furaha ilimfanya aheme. "Kampuni ilikuwa na miji miwili mezani. Sisi, na wale wenzetu wa kule kwenye lami. Wenzetu wana lami, wana umeme mkubwa, wana kila kitu. Lakini sisi tuna nini?"

"Vumbi!" mtu alijibu.

"Tuna vijana! Kampuni imesema haijaona katika wilaya hii mji wenye vijana wengi kama huu wetu. Kiwanda kinakuja hapa!"

Watu walipiga makofi. Wengine walikumbatiana. Mkewe Boila alishika mikono ya Fundi Cherehani wakarukaruka kama wasichana, na Boila mwenyewe alijikuta anatabasamu, jambo ambalo uso wake haukulifanya bila sababu.

"Sasa, Jumatatu," Diwani aliendelea, "Meneja anakuja mwenyewe. Anataka awaone hao vijana uso kwa uso, ndipo atie saini."

Makofi yalikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Vijana gani?" Fundi Cherehani aliuliza.

"Hawa mliowahesabisha."

"Yule dada alituuliza kama wapo."

"Mkamjibu?"

"Sasa ulitaka tumjibu nini, Diwani? Tuwaue?"

Ndipo watu walipomtazama Diwani vizuri, wakakumbuka kwamba wanawe mwenyewe, wa kiume wote, walikuwa madereva huko mbali.

"Na wewe ulisema wapo," Boila alisema.

"Mama yao alikuwa amesimama pale," Diwani alijibu kwa sauti ndogo. "Ningesemaje?"

Kicheko kilipita, kikafa. Diwani alijifuta jasho akapata akili nyingine. Waiteni, alisema. Leo hiihii. Wakija hata kwa siku moja, Meneja akaona vichwa, akatia saini, mengine yatajulikana mbele. Asiyefika kwa wakati, mzazi wake aseme yuko njiani. Kiwanda kikishasimama, nani atabaki huko mjini kulala wanane chumba kimoja? Watarudi wenyewe. Uongo huu ni wa muda tu.

Haikuwa hoja mbaya. Boila aliipima akaona ina uzito. Mji ulikuwa unaisha. Shule ilikuwa imeunganisha madarasa, timu ya mpira ilikuwa na kipa anayevaa miwani ya kusomea, na mwezi uliopita, kupandisha tangi la maji juu ya nguzo zake, walihitaji wazee wa mtaa mzima na mapumziko katikati. Siku hizi kikisikika kilio cha mtoto mchanga, watu walitoka milangoni kutazama ni mgeni wa nani.

Alingoja zamu yake ya jukwaa, kwa kuwa kila mtu alitaka kupiga simu, kisha akapanda na mkewe.

"Baba?" Sauti ya mwanawe ilikuja imejaa hofu. "Kuna nini? Mama yupo?"

"Yupo! Yuko hapa ananivuta shati. Kwani lazima kuwe na jambo?"

"Wewe hupigi bila jambo, Baba."

Ilikuwa kweli. Mrefu, kama walivyomwita tangu utotoni kwa sababu alivuka kimo cha mama yake kabla ya kubalehe, alikuwa mpakiaji kwenye ghala la vigae. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga, mwanzo kila Jumapili, siku hizi mara mojamoja. Walizungumza hali ya hewa, walisalimiana, salio lilikwisha. Nyumbani hakuwa amekanyaga tangu mwaka alioondoka.

Boila alimweleza: kiwanda, alizeti, Meneja, Jumatatu. Alieleza vizuri, na alipokuwa akieleza aliona kabisa mwanawe akitoka asubuhi na ovaroli, akirudi jioni, akivua viatu pale mlangoni. Mkewe alikuwa akitikisa kichwa kwa kila neno.

Mrefu alimsikiliza mpaka mwisho. "Na kazi ipo kweli?"

"Meneja anatia saini Jumatatu."

"Nauliza hivi, Baba, kwa kuwa hapa ghalani msimu huu hawatoi ruhusa ya safari. Nikiondoka, nimeacha. Pale getini kuna watu wamekaa tangu alfajiri, wanaomba mmoja wetu aangukiwe na boksi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo niambie wewe. Siwezi kuja kuonyeshwa sura halafu nianze upya. Lakini ukisema kazi ipo, Jumatatu mchana, bosi akiwa anakula, namwambia kwaheri."

"Wewe Mrefu, si uje tu!" mama yake alipaza sauti kando.

"Ngoja Jumatatu," Boila alisema. "Nitakupigia."

Waliposhuka, mkewe hakuzungumza naye njia nzima. Alipofika nyumbani aliingia chumba cha Mrefu, akatoa magunia ya mahindi, kuku aliyekuwa anaatamia, na baiskeli isiyo na magurudumu, akaanza kupiga deki kwa nguvu kama anayemchapa mtu.

"Ungemwambia kazi ipo, ungepungukiwa nini?" alisema hatimaye, bado ameinama. "Diwani kasema. Kampuni imesema. Wewe nani?"

"Mimi ni mtu aliyewahi kuambiwa kazi ipo."

Wote wawili walikumbuka. Kiwanda cha nyanya hakikuwahi kufungwa rasmi. Waliambiwa kinasimama kwa matengenezo. Wenzake Boila wengi walitafuta njia nyingine siku zilezile. Yeye alikuwa amepewa neno na mkubwa wa kiwanda, akiambiwa boila lisiachwe likaota kutu, kwa hiyo akawa anakwenda kila asubuhi na tambara na kopo la grisi, bila mshahara, mpaka asubuhi aliyokuta watu wa vyuma chakavu wanalikata kwa gesi. Aliyepoteza miaka hiyo ni yeye. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa sauti, lakini tangu hapo, mtu akimwambia "kuwa na subira" alisikia harufu ya gesi.

"Nitamuuliza Meneja mwenyewe," alisema. "Akinijibu vizuri, nampigia mwanao palepale, na godoro nalibeba mimi kichwani kutoka dukani."

"Na asipokujibu vizuri?"

Mkewe alikamua tambara, akaendelea na deki.

Jumatatu uwanja wa kiwanda ulikuwa umefyekwa. Vijana wachache walikuwa wamefika kweli, wamevaa viatu vyeupe vya mjini, wanakwepa matope kama paka. Wengine walikuwa wa kuazima: mpwa wa mtu kutoka kijiji cha jirani, na mashemeji waliokuja kusalimia wakakamatwa. Kijana wa bodaboda alikuwa amepangwa kusimama kwenye nyumba mbili, mara moja na kofia, mara moja bila.

"Ukimtazama sana utamjua," Boila alimwambia Fundi Cherehani.

"Ndiyo maana nimemshonea shati la pili. Nyamaza, shemeji. Leo nakuomba, kwa mara ya kwanza maishani mwako, nyamaza."

Meneja alishuka kwenye gari na buti za shamba. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka, na alisalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja Dada wa Takwimu, anang'aa kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake imeleta matunda. Alipomwona Boila alimpungia mwavuli.

Dada alianza kuita nyumba kwa nyumba, akianzia mtaa wa pili. Nyumba ya kwanza, kijana akajitokeza. Ya pili, bodaboda na kofia. Ya tatu, mzee akasema yuko njiani. Ya nne, yuko njiani. Ya tano naye njiani. Meneja alianza kutazama barabara, ambayo ilikuwa nyeupe, imenyooka na tupu mpaka macho yanapoishia.

"Nyumba ya mzee wa boila," Dada aliita.

Boila alisogea mbele. Alimhisi mkewe nyuma yake, hatua moja, vidole tayari.

"Mama, kabla sijajibu nina swali," alimwambia Meneja. "Ukitia saini leo, kazi inaanza lini?"

"Swali zuri, mzee. Tukitia saini, tunaanza ujenzi. Halafu umeme mkubwa uvutwe kutoka kule kwenye lami. Mashine zinaagizwa." Aliwaza kwa uaminifu. "Mwaka na nusu. Labda miwili."

"Na kijana akiwa amekuja leo?"

"Atakuwa wa kwanza kuitwa. Inabidi awe na subira kidogo."

Diwani alikohoa kwa nguvu. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama Boila mgongoni, na yeye alijua wanachotaka. Maneno mawili tu. Yuko njiani. Hata yangekuwa na ukweli ndani yake, maana ghala la vigae lilikuwa linaelekea saa ya chakula, na simu moja ingemtia Mrefu njiani kwelikweli. Chumba kilikuwa kimepigwa deki. Angekuja, angelala pale, angekaa mwaka na nusu, labda miwili, anakwenda kila asubuhi kutazama msingi unavyochimbwa. Boila alimwona na tambara mkononi.

"Hayuko njiani," alisema. "Yuko kwenye ghala la vigae, mji mkubwa. Yuko huko miaka mingi."

"Lakini uliniambia yupo," Dada wa Takwimu alisema. "Ulisema ametoka kidogo."

"Yupo. Hajafa. Hapa kwetu hayupo ni maiti, dada yangu. Ulituuliza kama watoto wetu wamekufa, tukakujibu hapana."

Dada aligeuza simu yake, akaitazama kana kwamba imemng'ata. "Wote?" aliuliza. "Wote mliosema wapo?"

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa ameanza kuvaa shati la pili nyuma ya mti, alilivua.

Ndipo makelele yalipoanza. Diwani alisema mzee huyu amechanganyikiwa. Mtu mmoja alimwita Boila mchawi wa maendeleo. Fundi Cherehani alimjia mpaka puani. "Wanangu wangerudi, unasikia? Wangerudi! Nani amekutuma uwe na ukweli leo?"

"Wangerudi wakae miaka miwili wanakutazama unavyoshona, shemeji? Mngeuana kabla ya mwezi."

Fundi Cherehani alitaka kumpiga, mkono ukapanda kabisa, kisha ukaishia usoni mwake mwenyewe, akajifuta machozi kwa kiganja cha kazi.

Meneja aliinua mkono. Alimwuliza Dada wa Takwimu, kwa sauti ambayo haikuwa kali lakini haikuwa na mzaha, aliwezaje kuhesabu watu bila kuwaona. Uso wa Dada ulikuwa umefifia. Boila akaona ajira nyingine inataka kupotea mbele ya macho yake, na hii ni yeye aliyeisukuma.

"Usimlaumu huyu," alisema. "Sisi tulimjibu Kiswahili chetu, yeye akaandika Kiswahili chake. Hakuna aliyesema uongo mpaka pale Diwani alipotufundisha."

Watu walicheka bila kutaka. Hata Meneja aliuma mdomo. Aliwatazama wazee waliokuwa wamevaa nguo zao nzuri, vijana wachache wenye viatu vyeupe, magugu yaliyofyekwa. Kisha alisema moja kwa moja, na Boila alimheshimu kwa hilo. Kiwanda hakitaweza kusimama hapa. Kinahitaji mikono mingi na zamu za usiku, na mikono haiko. Kitakwenda kule kwenye lami. Lakini alizeti ya hapa ni nzuri, ameiona njiani, na kampuni ingeweka ghala la kununulia mbegu papo hapo uwanjani: watu wa kupima, wa kupakia, mlinzi. Kazi za watu wachache, lakini za msimu huu. Vijana wa viatu vyeupe wakaanza kutazamana.

Watu walitawanyika polepole wakinung'unika. Hakuna aliyemsalimia Boila. Jua lilikuwa limesimama katikati. Alipanda jukwaani, mkewe akamfuata. Hakuwa amemfinya hata mara moja, na hilo lilimtisha kuliko kama angemfinya.

"Nipo, Baba," Mrefu alisema kabla simu haijaita vizuri. "Bosi ndiyo anaosha mikono. Nimwambie?"

"Usimwambie kitu. Rudi kazini. Kiwanda kimekwenda kwenye lami."

Upande wa pili ulisikika mlio wa vigae, mtu akipiga mluzi. Kisha Mrefu akatoa pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Boila aliisikia ile pumzi na ikamuuma. Kumbe kijana alikuwa tayari kuja, lakini hakuwa anataka.

"Basi, Baba. Afadhali umeniambia mapema. Nisalimie Mama, ngoja nikamalizie—"

"Subiri."

"Naam?"

Boila hakuwa na kitu cha kuongeza. Maisha yake yote simu ilikuwa ya habari: fulani amefariki, paa linavuja, dada yako amejifungua. Leo habari ilikuwa imekwisha na bado alishikilia simu sikioni. Mkewe alikuwa anamtazama tu, kitambaa kimelegea kichwani.

"Njoo," alisema.

"Nije wapi?"

"Nyumbani. Wapi tena?"

"Si umesema kazi hakuna?"

"Hakuna. Njoo hivyohivyo."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Hakuna msiba, hakuna harusi, hakuna kazi. Mama yako anataka kukuona." Hapo alifinywa, na kwa nguvu. "Na mimi nataka kukuona!" alisema kwa sauti ya kumfokea dereva wa lori. Chini ya jukwaa watu waliokuwa wanaondoka waligeuka.

Boila alitazama simu kama mtandao umekatika, kisha sauti ikarudi.

"Baba, mimi nilikuwa nangoja nipate kitu kwanza. Ukiona mtu anarudi na begi lilelile aliloondoka nalo, utasema ameshindwa."

"Nani aseme? Mimi niliyekuwa nalipaka grisi boila lililokufa?"

Kijana alicheka. Ilikuwa zamani Boila hajakisikia kile kicheko. Kilikuwa kimekuwa kizito, cha mtu mzima. "Msimu ukiisha wanatoa siku nne," Mrefu alisema. "Naweza kuja hizo."

"Njoo hizo."

"Lakini, Baba." Mluzi uliacha kusikika, alikuwa amesogea kando. "Naweza kuja na mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Baba."

Boila aliziba simu kwa kiganja. "Anasema atakuja na mtu."

Mkewe alimpokonya simu kabla hajamaliza. "Mtu gani huyo, Mrefu? Wa kike au wa kiume? Nauliza nijue natandika vipi… Wa kike. Haya. Kwao wanajua?… Sawa, hilo tutalizungumza, usijitetee, nimekuuliza tu… Sema kwa nguvu, sikusikii… Watatu? Mbona nahesabu wawili? Wa tatu nani?"

Alisikiliza. Polepole, kama mtu anayeteremshwa kwa kamba, alikaa chini kwenye zege, miguu ikaning'inia pale malori yalipokuwa yakirudia.

"Nini?" Boila alisema. "Wa tatu nani?"

Mkewe alimpungia mkono anyamaze. Macho yalikuwa yamejaa na mdomo unacheka, hajui lipi alitangulize. Chini Fundi Cherehani alikuwa amesimama na simu yake mkononi, anangoja zamu ya jukwaa, na nyuma yake wengine walikuwa wameanza kurudi.

"Umekaa na jambo kama hili, wewe mtoto?" mkewe alikuwa akisema. "Ukiona haya? Haya ya nini sasa?… Anaendeleaje? Ananyonya vizuri?" Kisha aliinua mkono na kumwonyesha Boila vidole vinne.

"Vinne nini?" Boila aliuliza. "Miezi au watoto?"

"Hebu nyamaza kidogo, babu," mkewe alimwambia, akaziba sikio la pili ili asikie vizuri.